Maneno Ndugu, Bidhaa Tofauti: Somo la Kusoma Lebo kwa Walaji wa Kilwa na Mwambao wa Lindi

Mwenyeji wa Kilwa hawezi kuuziwa mpunga akadhani ni mchele, wala hawezi kukaribishwa wali akaandaliwa mchele asiseme neno. Vitu hivi vitatu vina majina matatu kwa sababu vina matumizi matatu na bei tatu. Kiingereza, ambacho wengi wetu hukidhania kuwa na neno kwa kila kitu, huviita vyote “rice”. Ndivyo ilivyo pia kwa mnazi. Sisi tunatofautisha kitale, dafu, koroma na nazi. Mwingereza huridhika na “coconut”.

Tunaanza na mifano hiyo ili kumkumbusha msomaji jambo moja. Kazi ya kutofautisha maneno yanayokaribiana si ngeni kwake. Anaifanya kila siku kwa lugha yake. Ugumu huja pale bidhaa inapovaa jina la Kiingereza. Hapo maneno mawili yanayofanana huonekana kuwa kitu kimoja, na mlaji hulipia kile ambacho hakukikusudia.

Zamani tatizo hili lilikuwa dogo. Nafaka na mafuta vilipimwa kwa kibaba na pishi mbele ya macho ya mnunuzi, naye alinusa, akaonja na kushika kwa mkono wake. Leo bidhaa nyingi zinazofika Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga, Mchinga na Lindi mjini zimefungwa kiwandani, na kinachosema juu yake ni maandishi tu. Asiyeyaelewa maandishi hayo amenyimwa pishi. Somo hili limekusudiwa kumrudishia. Tutaanza na maneno yanayogusa mfuko, kisha yanayogusa afya, na mwisho yanayogusa uhai.

1. Maneno ya mfukoni

Tuanze na nazi, kwa kuwa tunaifahamu. Kwenye makopo na maboksi utakuta “coconut water”, “coconut milk” na “coconut cream”. Ya kwanza ni maji ya dafu. Ya pili ni tui, na neno “milk” lisikudanganye: hamna ndani yake maziwa ya ng’ombe. Ya tatu ni tui zito, lile ambalo wapishi wa mwambao huliita kasimele. Mpishi anayejua kuwa tui la kwanza si tui la pili hatashangaa kuona bei zake zikitofautiana. Akiona “coconut milk drink” ajue kwamba hicho ni kinywaji kilichozimuliwa kwa maji, hakifai kuungia samaki.

Neno “drink” linatupeleka kwenye juisi. Kwa Kiswahili cha dukani kila kinywaji chenye rangi ya tunda huitwa juisi, lakini viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyowekwa na tume iitwayo Codex Alimentarius, vina kiwango maalumu cha mwaka 2005 kinachotenganisha majina haya. “Juice” ni maji ya tunda lenyewe. “Nectar” ni maji ya tunda yaliyoongezwa maji, mara nyingi pamoja na sukari. Kiasi cha tunda kwa kawaida huwa kati ya asilimia 25 na 50 kulingana na aina ya tunda. “Drink” haina ahadi hiyo. Yaweza kuwa na tunda kidogo sana, na pengine ni maji, sukari, rangi na ladha. Vivyo hivyo, maneno “mango flavoured” yana maana kwamba kinywaji kina ladha ya embe. Hayasemi kwamba embe limo. Picha ya embe lililopasuliwa haibadilishi chochote. Ukitaka ukweli, soma orodha ya viambato: kilichotajwa kwanza ndicho kilichomo kwa uzito mkubwa zaidi. Orodha ikianza na maji na sukari, umenunua maji na sukari.

Jamii nyingine ya maneno ndugu ni ile tunayoiita siagi kwa jumla. “Butter” hutengenezwa kwa maziwa, na kiwango cha Codex kinataka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80. “Margarine” nayo ina mafuta mengi kama hayo, lakini kwa kawaida hutokana na mimea. “Fat spread” ina mafuta pungufu na maji zaidi. Imetengenezwa kwa kupakwa kwenye mkate. Mama anayepika keki au visheti vya biashara akitumia “spread” mahali pa “margarine”, unga hautakuwa kama alivyozoea, naye atamlaumu aliyesaga ngano. Kosa liko kwenye neno moja juu ya kifuniko.

Sasa tuje kwenye uzito. Mkulima wa ufuta anajua kwamba gunia likipandishwa kwenye mizani, uzito wa gunia lenyewe hauna budi kutolewa. Uzito wa vyote pamoja Kiingereza huuita “gross weight”. Uzito wa ufuta peke yake ni “net weight”. Kwenye pakiti ya dukani unacholipia ni “net”. Lakini makopo ya samaki, maharage na mahindi yana neno la tatu: “drained weight”, yaani uzito wa chakula baada ya kumwaga maji, mchuzi au mafuta yaliyomo. Kopo mbili zaweza kuwa na “net weight” sawa, moja ikawa na samaki wengi na nyingine ikawa na mchuzi mwingi. Anayelinganisha bei alinganishe kwa neno hili la tatu.

2. Maneno ya afya

Mwambao wa Lindi una mashamba ya chumvi, na wakazi wake wanajua chumvi inavyotengenezwa kwa jua na maji ya bahari. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba chumvi nyeupe na safi ndiyo chumvi bora. Kwenye pakiti kuna maneno matatu ya kutenganisha. “Sea salt” hueleza chumvi ilikotoka. “Refined” hueleza kwamba imesafishwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kwamba chumvi ina madini joto. Neno linalosema hivyo ni “iodised”, ambalo pengine huandikwa “iodized”. Ukosefu wa madini joto huleta rovu, na kwa mama mjamzito huweza kudhuru ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Samaki wa baharini wana madini hayo, lakini si kila nyumba hula samaki wa kutosha kila siku. Tafuta neno “iodised”, au maneno ya Kiswahili “yenye madini joto”, kisha uihifadhi chumvi hiyo katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua.

Jambo la pili ni tarehe. “Best before” ni tarehe ya ubora: hadi siku hiyo mtengenezaji anaahidi kwamba ladha, harufu na hali ya chakula zitakuwa kamili. “Use by”, na pia “expiry date” au kifupi chake “EXP”, ni tarehe ya usalama: baada yake chakula kisiuzwe wala kisiliwe, hata kama hakinuki. Ukiwa dukani, ushauri wetu ni mmoja: usinunue bidhaa iliyopita tarehe yoyote kati ya hizo. Tofauti yake itakufaa nyumbani. Biskuti zilizopita “best before” kwa siku chache zaweza kuchunguzwa kabla ya kutupwa. Maziwa yaliyopita “use by” hayana mjadala. Kumbuka pia kwamba “MFG” au “MFD” ni tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha. Na tarehe yenye tarakimu tupu isomwe kwa uangalifu: 04/09 kwetu ni tarehe 4 Septemba, lakini Wamarekani hutanguliza mwezi, hivyo kwao ni tarehe 9 Aprili. Ukiona shaka, angalia tarehe nyingine kwenye pakiti hiyo hiyo; tarakimu inayozidi 12 haiwezi kuwa mwezi.

Tarehe hiyo hutegemea namna bidhaa ilivyotunzwa. Hapa kuna maneno ndugu mengine. “Keep refrigerated” humaanisha kwamba bidhaa ikae kwenye jokofu muda wote, tangu kiwandani hadi mezani. “Refrigerate after opening” humaanisha kwamba yaweza kukaa kabatini mpaka ifunguliwe; ikishafunguliwa, iwekwe kwenye jokofu. Bidhaa ya aina ya kwanza ukiikuta imepangwa rafuni kwenye joto la Lindi, iache hapo hapo hata kama tarehe yake iko mbali. Tarehe ilihesabiwa kwa ubaridi, na ubaridi haupo.

Jambo la tatu ni dogo kwa kuandikwa, lakini kubwa kwa mtoto mgonjwa. Kwenye chupa za dawa za maji utaona “teaspoon”, kwa kifupi “tsp”, na “tablespoon”, kwa kifupi “tbsp”. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha vifupisho hivyo. “Teaspoon” ni kijiko cha chai, mililita 5. “Tablespoon” ni kijiko kikubwa, mililita 15. Anayekosea kati ya hivyo viwili humpa mtoto dozi mara tatu ya aliyoandikiwa, au humpa theluthi moja tu. Zaidi ya hayo, vijiko vya nyumbani havilingani. Pima dawa kwa kikombe au bomba la plastiki lenye alama za mililita, na kama halikuja pamoja na dawa, mwombe mfamasia. Usipoelewa maandishi, mwambie akuandikie kwa Kiswahili: mililita ngapi, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi.

3. Maneno ya moto

Katika Kisiwa cha Songosongo, wilayani Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo neno gesi kwa watu wa Kilwa lina uzito wa pekee. Hata hivyo, gesi iliyomo kwenye mtungi wa jikoni si ile ya Songosongo. Gesi asilia, “natural gas”, kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi, inayoandikwa “LPG”, ni propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutanda sakafuni, ikijificha pembeni na chini ya kitanda. Ndiyo maana kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, na usitumie simu ndani ya nyumba. Funga valvu ya mtungi ikiwa unaifikia kwa usalama, fungua milango wazi, toa watu wote nje, kisha ita msaada.

Kuna “gas” ya tatu. Kwa Wamarekani neno hilo ni kifupi cha “gasoline”, yaani petroli. Mwenye mashine ya boti au jenereta iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani akikuta kwenye kitabu chake “gas and oil mixture”, anaelekezwa kuchanganya petroli na oili, wala hakutajwa mtungi wa jikoni.

Neno “paraffin” lina sura nyingi vilevile. Kwa Waingereza “paraffin” ni mafuta ya taa, ambayo Wamarekani huyaita “kerosene”. Kwa Wamarekani “paraffin” ni nta ya mishumaa. Na duka la dawa lina “liquid paraffin”, mafuta yaliyosafishwa sana yanayotumika kulainisha ngozi au kulainisha choo. Jina ni moja, vitu ni vitatu. Mafuta ya taa hayanywewi kwa sababu yoyote ile, na wala yasihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji, kwa kuwa mtoto husoma chupa kabla ya kusoma neno.

Hatari kuu katika kundi hili ni maneno “flammable” na “inflammable”. Aliyesoma Kiingereza kidogo amefundishwa kwamba silabi “in” mwanzoni mwa neno hukanusha: “visible” ni kinachoonekana, “invisible” ni kisichoonekana. Kwa mantiki hiyo atadhani “inflammable” ni kisichoshika moto. Sivyo. Maneno yote mawili yana maana moja: kinashika moto upesi. “Inflammable” limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha, na ile “in” yake si ya kukanusha. Kisichoshika moto huandikwa “non-flammable”. Ukiliona lolote kati ya yale mawili kwenye kopo la rangi, gundi, dawa ya kupulizia wadudu au kiyeyusho cha rangi ya boti, liweke mbali na jiko na jua kali. Mchoro wa mwale wa moto ndani ya mraba uliosimama kwa pembe yake, wenye mpaka mwekundu, unasema jambo hilo hilo kwa asiyesoma.

4. Maneno ya bahari

Mvuvi anayetoka Kivinje usiku na abiria anayevuka kwenda Songosongo wote huambiwa wavae jaketi la kujiokolea. Sokoni, chini ya jina hilo moja la Kiswahili, huuzwa vitu viwili. “Life jacket”, ambayo huandikwa pia “lifejacket”, imetengenezwa ili imshikilie mvaaji uso ukiwa juu ya maji, hata akiwa amechoka au amezimia. “Buoyancy aid” husaidia kuelea tu. Inamfaa mtu anayejua kuogelea, aliye na fahamu zake, na aliye karibu na pwani au msaada. Haikutengenezwa kumgeuza mtu aliyezimia. Kuna pia maboya na fulana za kuchezea watoto ufukweni, na hizo si vyombo vya uokozi hata kidogo.

Njia ya kutofautisha ni kusoma namba. Nguvu ya kuelea hupimwa kwa nyutoni, kwa alama N. Katika viwango vya kimataifa vya ISO 12402, namba 50 ni ya “buoyancy aid”. Namba 100 ni jaketi la maji matulivu, 150 ni la bahari ya nje, na 275 ni la mazingira magumu zaidi, kwa mtu aliyevaa nguo nzito au kubeba zana. Kwa mtoto, soma kwanza uzito wa mwili ulioandikwa kwenye jaketi, kwa maana jaketi la mkubwa humponyoka mtoto majini. Jaketi lisilo na namba, wala kiwango, wala uzito wa mvaaji, limekosa ushahidi wa kazi yake. Rangi ya chungwa si ushahidi.

Neno la mwisho la baharini ni “water resistant”. Lina maana kwamba simu, saa au tochi huvumilia matone na mvua kwa kiasi fulani. “Waterproof” hudai zaidi, yaani maji yasiingie, lakini hata hapo soma kina na muda vilivyotajwa. Kwa anayetegemea simu kuita msaada baharini, tofauti ya maneno hayo yaweza kuamua kama msaada utaitwa.

5. Afanye nini asiyejua Kiingereza?

Hahitaji kukijua chote. Anahitaji kuuliza. Kupata taarifa sahihi ni haki ya mlaji, na kuuliza si aibu wala ugomvi. Maneno haya yanatosha: “Shikamoo mjomba. Naomba unisomee hapa. Hili ni juisi au ni kinywaji chenye ladha? Tarehe hii ni ya ubora au ya mwisho wa matumizi?” Muuzaji mwaminifu atajibu kwa utulivu. Asiyejibu, mwachie bidhaa yake. Ukinunua, dai risiti na uitunze, na pakiti usiitupe mpaka bidhaa iishe.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Malalamiko ya upotoshaji hupelekwa Tume ya Ushindani. Ubora na usalama wa chakula na vipodozi ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mizani na ujazo husimamiwa na Wakala wa Vipimo. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Asiyejua aanzie wapi aende kwa afisa biashara wa halmashauri yake akiwa na risiti na pakiti.

Zoezi

Jaribu maswali haya pamoja na watu wa nyumbani kwako, kisha linganisha na majibu.

(a) Kopo mbili za samaki zina bei moja. Ya kwanza imeandikwa “net weight” gramu 425 na “drained weight” gramu 280. Ya pili imeandikwa “net weight” gramu 400 na “drained weight” gramu 300. Utachukua ipi?

(b) Dawa ya mtoto imeandikwa “1 tsp”. Nyumbani kuna kijiko kikubwa tu. Utafanyaje?

(c) Kopo la kiyeyusho cha rangi limeandikwa “inflammable”. Je, laweza kuwekwa karibu na jiko?

(d) Mvuvi asiyejua kuogelea ameuziwa jaketi lenye alama ya 50 N. Linamtosha?

Majibu

(a) Ya pili, kwa kuwa ina samaki zaidi kwa gramu 20, ingawa kopo lake lina uzito pungufu. (b) Usikadirie; pima mililita 5 kwa kikombe au bomba lenye alama. (c) Hapana, neno hilo lina maana kwamba kinashika moto upesi. (d) Halimtoshi, atafute “life jacket” ya namba 100 au zaidi, na kwa bahari ya nje 150.